Meno ya Kufundishia

Siku hiyo imla ilikuwa ya maneno mepesi: samaki, fimbo, vitabu, sufuria, zawadi. Nimefundisha mwaka wa kwanza wa shule ya msingi kwa muda mrefu, hata maneno kama hayo naweza kuyasoma huku nikiwaza mambo mengine kabisa. Mvua ilikuwa imeacha kupiga mabati, darasa limetulia, na watoto wameinamia vibao vyao, ncha za ndimi zimetoka nje kama kawaida ya mtoto anayeandika. Nilipomaliza nikapita kati ya madawati kusahihisha.

Kibao cha kwanza kilikuwa kimeandikwa shamaki. Nikasahihisha. Cha pili, shamaki. Kwenye cha tatu fimbo ilikuwa pimbo, na vitabu vilikuwa bitabu. Nikaona hasira inapanda, kwa sababu herufi hizo tulikuwa tumezipitia wiki nzima. Halafu nikafika kwa msichana wa dawati la mbele, ambaye tangu mwaka uanze hakuwa amekosea neno hata moja. Yeye pia alikuwa ameandika shamaki, tena kwa mwandiko mzuri, juu ya mstari. Nikasimama pale na chaki mkononi. Watoto hawakuwa wamekosea. Walikuwa wameandika sawasawa kile nilichosema.

Kwa mtu asiyeujua mji wa Bukavu, hapa panahitaji maelezo kidogo. Nyumbani sisi sote tunasema bitu, bitabu, batoto. Mimi pia nasema hivyo, nalipenda hilo neno bitu kama ninavyompenda mama aliyenifundisha. Lakini vitabu vya shule vinasema vitu, na kazi ya mwalimu wa mwaka wa kwanza ni kumpa mtoto hiyo sauti ya pili bila kumfanya aionee haya ile ya kwanza. Sauti haielezwi kwa maneno. Mtoto anatazama kinywa cha mwalimu. Anaona meno ya juu yakigusa mdomo wa chini, anasikia upepo ukipita, basi, V imepatikana. Miaka yote nilikuwa nikiwaambia, "Muangalie kinywa yangu." Sasa walikuwa wanakiangalia, na ndani yake hamkuwa na kitu.

Meno yangu hayakuondoka kwa siku moja. Baada ya kuzaa mtoto wa tatu fizi zilianza kutoa damu kila ninapopiga mswaki, nami nikawa nasukutua kwa maji ya chumvi kama watu wote wa mtaani kwetu, Kadutu. Miaka ikapita, jino moja likalegea, likatolewa. Likafuata la jirani yake. Nilipovuka hamsini yalikuwa yamebaki machache ya mbele, nayo yalitikisika nikiyagusa kwa ulimi. Daktari wa meno niliyemwendea wakati huo aliniambia kwamba ugonjwa wa fizi ulikuwa umekula mfupa unaoyashikilia, na kwamba kuyaacha ni kuuacha uendelee kuula mfupa wenyewe. Akayang'oa yote. Baadaye nikapewa meno ya bandia ya kuvaa na kuvua, ya juu na ya chini, yenye fizi za plastiki za rangi ya waridi.

Sina ubaya na meno hayo. Mama mdogo wangu alivaa ya kwake mpaka uzeeni, akatafuna nayo hata nyama ya mbuzi dume. Lakini taya langu la chini lilikuwa limesawazika kama meza, na meno ya chini hayakuwa na pa kushika. Yalielea juu ya mate, na ya juu nayo yalikuwa yameanza kulegea. Nikinyamaza yalitulia, ila mwalimu wa mwaka wa kwanza hanyamazi. Anaimba, anaita, anasoma silabi, anatenganisha wanaopigana, kuanzia asubuhi mpaka watoto wanapotoka.

Asubuhi moja nilikuwa nafundisha F. Nilivuta pumzi, nikaweka meno ya juu juu ya mdomo wa chini ili wote waone, nikapuliza. Meno ya juu yakatoka, yakaangukia kwenye dawati la mbele, yakazunguka kidogo, yakasimama yakiwatazama watoto. Hakuna aliyecheka, na hilo ndilo lililoniumiza. Watoto wa miaka sita walikuwa wamemwona mwalimu wao akivunjika mbele yao. Msichana mmoja akaanza kulia polepole, akauliza kama kichwa pia kitatoka. Nikayaokota, nikayafunga kwenye kitambaa changu, nikawaambia hakuna kitu kingine kitakachotoka. Tangu siku hiyo nikawa nafundisha bila kuyavaa. Ndipo tukafika kwenye shamaki.

Mkuu wa shule yetu ni mama mpole ambaye hapendi kumkosea mtu. Aliniita ofisini kwake wiki ileile, akafunga mlango.

"Maman, ikala kwanza," akasema. "Iko fasi moja hapa mu biro. Kuandikisha batoto, kutunza bitabu. Hautakuwa unasema sana."

"Unaona nisifundishe tena?"

"Naona unachoka."

"Mimi sichoke. Kinywa ndio inachoka."

Akacheka kidogo, kisha akaacha, akaogopa labda nimeumia. "Sasa utafanya namna gani?"

"Sijue bado," nikamwambia. "Lakini mu biro, hapana. Uniachie mwaka wa kwanza. Vakansi ikikuya nitatafuta dawa."

Sikuwa na dawa yoyote akilini ya kutafuta likizoni. Nilisema tu hivyo kwa sauti ya mtu anayejua anachokifanya, na nilipotoka nje nikakuta nimeanza kuamini maneno yangu.

Mdogo wangu wa kike anauza vitenge na anaishi Nguba, karibu na ziwa. Yeye ndiye anayejua habari zote za mji kabla hazijafika kwetu juu. Nilipomweleza aliniambia kwamba kuna daktari kijana wa meno, mtoto wa hapahapa, aliyekwenda kusoma nje akarudi, na sasa anafunga meno ndani ya mfupa kwa skrubu.

"Skrubu?" nikauliza.

"Skrubu, yaya," akasema, kama tunavyomwita dada mkubwa. "Kama vile ya fundi wa mbao. Mteja wangu moja alifanyiwa. Anacheka sasa mpaka inakuwa mingi."

Tukaenda pamoja. Kliniki ilikuwa nyumba ya kawaida Ibanda, na yule daktari alikuwa kijana kiasi cha kuweza kuwa mwanafunzi wangu wa zamani. Hakuwa, nilimuuliza. Alinipiga picha ya taya kwa mashine inayozunguka kichwa, akapima sukari ya damu, akauliza dawa ninazotumia na kama navuta sigara. Siku nyingine akanituma kupigwa skana. Kisha akatukalisha mbele ya kioo cha kompyuta na kutuonyesha mfupa wangu mwenyewe, mweupe juu ya weusi. Ulikuwa umeliwa kama ukingo wa barabara baada ya masika.

"Chini, hapa mbele, mufupa iko bado munene," akasema. "Skrubu ine zitatosha. Juu iko mwembamba. Tutaweka sita, tukizigawa muzuri. Halafu meno yote ya juu yanakuwa kipande moja, yanafungwa juu ya zile sita. Ya chini vilevile."

"Nitakuwa nayavua?"

"Hapana, Maman. Ni mimi tu ndiye nitaweza kuyafungua, siku ya kusafisha."

Mimi ni mwalimu. Sikubali kitu mpaka aliyekisema akirudie kwa maneno mengine. Nikamwambia anieleze mfupa unashikaje chuma.

"Si chuma ya kawaida, ni titani. Mufupa haiikatae. Inaota pembeni yake polepole mpaka inaishika. Inaomba miezi."

"Na isiposhika?"

"Inalegea. Tunaitoa, tunangoja fasi ipone, tunaweka ingine."

"Ulishaona ikilegea?"

Mdogo wangu akanigusa goti kwamba nisimkere mtu. Lakini daktari hakukereka. "Ndiyo, Maman," akasema. "Si mara mingi, lakini niliiona. Nayo inaweza kukufikia wewe pia." Hapo ndipo nilipomwamini. Kama angeniambia haijawahi kutokea, ningechukua mkoba wangu nikaondoka.

Tulipotoka, kwenye benchi la kungojea palikuwa na mwanaume wa makamo aliyekuja kukaguliwa. Alikuwa mchimba dhahabu wa Luhwindja. Pikipiki ilimtupa kwenye mteremko, ikamwachia taya zima lakini kinywa kitupu. Daktari akamuuliza kama anaweza kunionyesha meno aliyofungiwa. Yule mtu hakungoja. Akatoa pera gumu mfukoni, akaling'ata, likalia kwa sauti ambayo sijaisahau.

"Nilikuwa nakunywa bugali kama maji, Maman," akaniambia akitafuna. "Sasa nakula yote. Ila usafi. Huyu munganga ananisumbua na usafi kupita muke yangu."

Kazi iliyobaki ilikuwa nyumbani. Mume wangu alikuwa dereva wa lori, sasa amestaafu, na tulikuwa na kiwanja Kavumu tulichokuwa tukikitunza kwa ajili ya nyumba ya uzeeni. Nilipomwambia kwamba nataka tukiuze, alisogeza kikombe chake cha chai kando. Kisha akauliza kama meno ya kuvaa hayawezi kutengenezwa upya, yakakaza zaidi. Nikamwambia tumejaribu, yeye mwenyewe ndiye aliyenipeleka. Akauliza kama ofisini si pazuri kwa umri wetu.

"Wewe ulipoachishwa usukani ulikaa namna gani?" nikamuuliza.

Alikumbuka, nami nilikumbuka, ile miezi aliyokuwa akienda kusimama barabarani kutazama malori ya wenzake yakipita. Siku mbili baadaye alikuja jikoni, akaegemea mlango.

"Sawa," akasema. "Badala ya kujenga Kavumu, tutajenga mu kinywa yako. Lakini mimi ndiye nitachagua rangi ya mlango."

Wengine hawakuwa wepesi hivyo. Mama mmoja tunayeimba naye kwaya alisema mbele ya watu kwamba nataka kujifanya kijana. Nilimwambia ujana nimeshautumia, sina shida nao, ninachotaka ni herufi S tu. Hakuelewa.

Tulifanya operesheni mwanzoni mwa likizo kubwa. Nilichomwa sindano za ganzi nyingi mpaka nikahisi nusu ya uso si yangu. Maumivu sikuyasikia, lakini nilisikia kila kitu kingine: mtetemo wa mashine ndani ya mfupa, ukipanda mpaka masikioni, maji baridi yakinyunyizwa, na kile kidude cha kufyonza mate kikikoroma. Daktari alikuwa akiniambia kila anachofanya kabla ya kukifanya. Alipokuwa kwenye taya la juu umeme ukakatika. Mashine ikanyamaza, taa ikafa, nikabaki nimepanua kinywa gizani. Msaidizi wake, dada mmoja mwenye mikono myepesi, akaushika mkono wangu.

"Maman, usifunge kinywa," akasema. "Jenereta inawaka sasa hivi."

Ilichukua muda mfupi tu. Nikiwa kimya nilianza kupitia silabi zangu kichwani: sa, se, si, so, su. Nilipofika kwenye za, ze, zi, taa ikarudi, na kijana akaendelea pale alipoachia, kama mimi ninavyoendelea na somo baada ya mvua kuacha kupiga kelele.

Nilivimba uso. Mume wangu alinipikia uji wa mtama mwepesi, akaupoza kwa kuumimina kutoka kikombe hadi kikombe, na hakuruhusu mtu yeyote aje kunisalimia mpaka niweze kutabasamu. Siku chache baadaye daktari akanifungia meno ya muda, yale ya kungojea mfupa ushike. Nilipojiona kwenye kioo sikulia, kama nilivyodhani nitalia. Nilitazama kwa makini, upande huu na upande huu, kama ninavyotazama daftari la mtoto mpya. Midomo ilikuwa imerudi mahali pake. Mashavu yalikuwa na pa kuegemea.

Kisha nikafungua kinywa kusema aksanti, na S ikatoka kama filimbi.

Hilo hakuna aliyekuwa ameniambia vizuri, au waliniambia sikusikia. Ulimi wangu ulikuwa umezoea kinywa kitupu na sasa ulikuwa mgeni katika nyumba mpya, ukigonga kuta. S ilipiga mluzi, Z ilitetemeka, na F ndiyo pekee iliyokubali mara moja. Daktari alisema ulimi utazoea. Nikamwambia ulimi wa mtu hauzoei wenyewe, unafundishwa, na kazi hiyo naijua.

Nikachukua kitabu changu cha silabi cha mwaka wa kwanza nikaanza ukurasa wa kwanza. Kila asubuhi nilikuwa jikoni natwanga na kusoma kwa sauti, na mume wangu uani, akitengeneza kiti au akijifanya anakitengeneza, alikuwa ndiye mkaguzi.

"Sabuni," nikasema.

"Hapo umesema shabuni."

"Sabuni."

"Iko inakuya. Tena."

"Sabuni, sahani, sita, saba, sisi, sasa."

"Sita ilitoka muzuri. Sasa, bado inalia."

Nilijifunza kuuteremsha ulimi kidogo nyuma ya meno ya chini, kitu ambacho nimewaambia watoto miaka yote bila kujua ni kigumu kiasi gani. Majirani walifikiri nimeanza kusali kwa namna mpya. Kabla ya likizo kwisha mluzi ulikuwa umeondoka, na mume wangu akaniambia siku moja, bila kuinua kichwa, kwamba sasa naweza kumgombeza vizuri.

Ndipo ikaja ile ambayo daktari alikuwa amenionya. Upande wa juu kushoto, nyuma, nilianza kusikia uchungu mdogo nikitafuna hata ndizi iliyoiva. Nikaenda Ibanda siku hiyohiyo. Akafungua meno, akagusa skrubu moja baada ya nyingine. Tano zilisimama imara, ya sita ilicheza.

"Hii haikushika," akasema. Alikuwa na uso wa mwanafunzi anayeleta alama mbaya. "Naitoa leo. Zile tano zitabeba meno ya muda, lakini utakula bitu laini tu. Mufupa ikipona, tutaweka ingine kandokando."

Nilirudi nyumbani nikiwa na hasira ya kweli, si kwake, kwa mfupa wangu. Nilimwambia mume wangu kwamba labda Kavumu ingekuwa bora. Yeye, aliyekuwa amehuzunika kwa ajili ya kile kiwanja kuliko mimi, akaniuliza ni ngapi zimebaki. Nikamwambia tano juu, nne chini.

"Mimi nimefika Kisangani na gari ya tairi mbovu moja," akasema. "Haubomoe gari. Unatoa ile moja." Kisha akanipa uji wangu.

Masomo yakaanza. Mkuu wa shule alinirudishia mwaka wa kwanza bila maneno mengi, alitaka tu nimsomee kitu, nikamsomea tangazo lililokuwa ukutani kwake kutoka mwanzo mpaka mwisho. Lakini mimi nilikuwa na jambo jingine. Wale watoto wa shamaki walikuwa wamepanda mwaka wa pili, na mwalimu wao aliniambia bado wanaandika hivyo, na wengine wanasema hivyo hata wakicheza. Kwenye mkutano wa wazazi baba mmoja alisimama, fundi umeme mwenye sauti nzito.

"Mutoto yangu anasema shamaki hata nyumbani," akasema. "Sisi nyumbani hatusemi vile. Alitosha wapi hii neno?"

Watu wakageuka kunitazama, maana wengi walijua. Nikasimama.

"Papa, aliitoa kwangu," nikamjibu. "Mutoto wako alisikia muzuri na akaandika muzuri. Kinywa yangu ndio ilikuwa mubaya. Naomba munipe hawa batoto saa ya mwisho ya kila siku, mupaka Noeli. Nitawarudishia sauti."

"Na sasa wewe unasema muzuri?"

"Sikiliza," nikasema, nikavuta pumzi. "Samaki sita safi. Fimbo. Vitabu. Sufuria. Zawadi."

Yule baba aliinamisha kichwa kidogo kama anayejaribu waya, akasema, "Iko muzuri," akakaa. Mkutano ukahamia kwenye habari ya choo cha wavulana.

Nilipopata watoto wangu saa ile ya mwisho, niliwaambia kama zamani, "Muangalie kinywa yangu." Wakakiangalia kwa shauku kubwa, maana walikumbuka vizuri kilichoangukia dawatini. Nikasema S ndefu, nikawaambia waifuate. Darasa zima likatoa upepo usio na umbo. Nikawatazama, nikawatazama tena, na kwa mara ya kwanza katika mambo yote hayo nikacheka mpaka nikashika meza. Walikuwa na miaka saba. Meno yao ya mbele ya utotoni yalikuwa yameanguka, karibu wote, mapengo kila dawati. Mimi nilikuwa nimepata yangu, wao walikuwa wamepoteza yao.

Wakacheka nami bila kujua sababu. Nikawaambia meno yao yanakuja yenyewe, bila skrubu na bila daktari, wangoje tu. Kwa sasa waandike wanachosikia kwangu, na kusema kutafuata. Tukafanya hivyo. Kila mtoto aliweka kiganja mbele ya kinywa changu kusikia upepo wa S, halafu mbele ya kinywa chake. Kabla ya Noeli vibao vyote vilikuwa na samaki, na wale ambao meno yao yalikuwa yamechomoza waliweza hata kuitamka.

Skrubu mpya iliwekwa wakati huo, kandokando ya pale pa zamani, na hii ilishika. Baada ya miezi daktari akachukua vipimo vya meno ya kudumu. Alinionyesha rangi, kuanzia nyeupe ya karatasi mpaka ya njano ya mahindi. Mume wangu, aliyekuwa amekuja kwa ile kazi yake ya kuchagua rangi ya mlango, alionyesha ile nyeupe zaidi. Nikamwambia daktari aiweke kando. Nilitaka meno ya mtu wa umri wangu aliyeyatunza ya kwake vizuri. Tukakubaliana rangi ya katikati, na mume wangu akasema tulipotoka nje kwamba mchagua rangi alipaswa kuulizwa angalau mara mbili.

Hayo ndiyo niliyo nayo mpaka leo. Yanataka kazi: mswaki mdogo wa kupita chini ya daraja la meno, uzi wa kusafishia, maji ya shinikizo nikiwa na umeme, na kila baada ya muda kwenda Ibanda kufunguliwa na kusafishwa. Mchimba dhahabu alisema kweli kuhusu usafi. Sijali. Fizi nilizopewa kwanza sikujua zinahitaji nini, hizi nimeelezwa. Nakula ugali wa muhogo na sombe, yale majani ya muhogo, na nyama. Mahindi ya kuchoma nayapukuchua kwa vidole kwanza, kwa sababu daktari hapendi niyang'ate kwenye gunzi, na mimi ni mwanafunzi mtiifu.

Sikuficha kitu darasani. Mwaka huu, tulipofika kwenye M, nilichora jino ubaoni, tukaandika meno. Mtoto mmoja wa nyuma, ambaye dada yake alikuwa kati ya wale wa shamaki, akainua mkono.

"Metresi, ni kweli yako ilianguka kwenye meza?"

"Ni kweli. Ile ya zamani."

"Na hii?"

"Hii imefungwa ku mufupa. Haianguke."

Akafikiri, darasa zima likimngoja. "Sasa usiku unayalaza wapi?"

"Yanalala na mimi," nikamwambia. "Muandike. Meno. M, e, n, o."

Wakainama wote, nikaanza kupita kati ya madawati.